Ndege Wawili wa Amazon: Wimbo Mmoja, Mavazi Mbalimbali

Tumezoea kusema kwamba ndege hujulikana kwa mlio wake. Mtu aliyekulia shamba hana haja ya kuinua macho. Akisikia sauti tu husema huyu ni kunguru, huyu ni kanga, na yule ni tetere. Kanuni hii ni sahihi katika mahali pengi, na wataalamu wa ndege wenyewe huitegemea sana katika misitu minene ambamo jicho halioni mbali. Lakini mwezi huu tumeonelea kuwaletea khabari ya ndege wawili wa Amerika ya Kusini ambao kanuni hiyo kwao imepinduka: mavazi yao ni mbalimbali, makao yao ni mbalimbali, na wimbo wao karibu ni mmoja.

Twaomba wazee wausome ukurasa huu pamoja na vijana wao, kwani ndani yake mna mambo mawili yenye faida. La kwanza ni namna elimu inavyopima kabla ya kuhukumu. La pili ni hasara inayopatikana pale viumbe viwili vinapoitwa kwa jina moja, kimoja kikawa chaangamia na watu wasijue kuwa chaangamia.

JAMII YA NDEGE WA SIAFU

Ndege hao wawili ni katika jamii kubwa iitwayo na wataalamu Thamnophilidae. Wasemao Kihispania huwaita hormigueros, kwa kuwanasibisha na sisimizi na siafu, nasi katika ukurasa huu tutawaita ndege wa siafu. Aina zao zazidi 230, na zote zaishi baina ya Mexico na Argentina. Hakuna hata moja katika Afrika.

Huenda msomaji akauliza: Je, ndege hawa wala siafu? Jawabu ni kuwa jina lao halikutokana na chakula chao. Katika misitu ya huko wapo siafu waitwao Eciton burchellii, ambao hutoka kwa makundi makubwa mno wakatandaa juu ya ardhi kama mkeka unaotembea. Panzi, mende, buibui na vidudu vyote vilivyojificha chini ya majani hukurupuka kuokoa roho zao, na hapo ndipo baadhi ya ndege wa jamii hii hukaa mbele ya jeshi lile na kudaka wakimbizi. Siafu ndio wapigao ngoma, na ndege ndio wapatao tunzo. Mtaalamu Edwin Willis alitumia miaka mingi kuwachunguza ndege wa namna hii katika kisiwa cha Barro Colorado, Panama, na mwaka 1967 alitoa kitabu kizima juu ya mmoja wao.

Kwetu sisi Afrika ya Mashariki jambo hili si geni. Siafu wetu ni jamaa wa mbali wa siafu wale, na katika msitu wa Kakamega, Kenya, wapo ndege wa jamii nyingine kabisa ambao hufuata misafara ya siafu kwa kazi hiyo hiyo.

Walakini ndege wengi wa jamii ya Thamnophilidae hawategemei siafu kwa riziki yao ya kila siku, na wawili tunaotaka kuwaeleza ni katika hao. Wao hujitafutia wenyewe wadudu na buibui katika vichaka vya chini ya miti mikubwa, wakiruka kutoka kijiti hata kijiti.

UMBO NA RANGI ZAO

Wa kwanza kwa jina la kielimu ni Hypocnemis peruviana, nasi tutamwita Mwimbaji wa Peru. Wa pili ni Hypocnemis subflava, nasi tutamwita Kifua-manjano. Wote wawili ni wadogo. Urefu wao ni kiasi cha sentimita 12, na uzito wao ni kiasi cha gramu 12 tu. Hata ukimweka mmoja katika kiganja hutasikia uzito wa maana.

Mwimbaji wa Peru ana kichwa cheusi chenye michirizi myeupe, na kifua cheupe kilichochorwa michirizi meusi, na mbavu zake ni za rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu. Kifua-manjano naye ana kichwa cha michirizi na mbavu za hudhurungi kama mwenziwe, lakini kifua na tumbo lake ni la manjano, mithili ya embe lililoanza kuiva. Basi mtu akiwaona wote wawili mchana, mbele ya macho yake, hatawachanganya.

MAKAO YAO

Mwimbaji wa Peru ameenea sana. Hupatikana katika nyanda za magharibi za msitu wa Amazon: Colombia, Ecuador, Peru, Bolivia na sehemu ya magharibi ya Brazil. Yeye hupenda vichaka vinavyoota mahali palipoangukiwa na mti, na kingo za msitu, na kila mahali penye majani yaliyosongamana.

Kifua-manjano eneo lake ni dogo zaidi: Peru, kaskazini ya Bolivia, na kipande cha mwisho cha magharibi ya Brazil. Na katika eneo hilo yeye hushikamana zaidi na mianzi ya namna iitwayo Guadua, ambayo ni mirefu, ina miiba, na huota kwa kufungamana hata mtu asiweze kupita pasipo panga. Mianzi hii ina maisha ya ajabu. Husimama miaka mingi bila ya ua hata moja. Kisha, baada ya miaka kadiri ya 28, hutoa maua yote kwa pamoja na kufa yote kwa pamoja. Hapo Kifua-manjano hana budi kutafuta kichaka kingine.

Katika upande wa kusini mashariki ya Peru, ndege hawa wawili ni majirani. Huyu yumo ndani ya mianzi, na yule yuko nje ya mianzi, na mpaka baina yao waweza kuwa hatua chache tu.

JINA MOJA KWA WENGI

Ndege hawa hawakugunduliwa jana. Kifua-manjano alipewa jina lake na Jean Cabanis mwaka 1873, na Mwimbaji wa Peru alipewa jina lake na Władysław Taczanowski mwaka 1884. Lakini baadaye wataalamu waliwakusanya hao pamoja na jamaa zao wengine wa Amazon, wakasema wote ni aina moja, Hypocnemis cantator, na kwamba tafauti zao ni za mahali tu. Kwa muda mrefu vitabu viliandika hivyo, na kila aliyesoma aliamini hivyo.

Mwaka 1998 mabwana Morton Isler na Bret Whitney, pamoja na Bibi Phyllis Isler, mke wa Bwana Isler, walitoa njia ya kupima. Walisema: tuwatazame kwanza ndege wa siafu ambao ni jamaa wa karibu, nao huishi mahali pamoja bila ya kuchanganyika. Hao hakuna anayebisha kuwa ni aina mbalimbali. Tupime sauti zao zimetafautiana kwa kiasi gani. Wakaona kuwa kwa kawaida zimetafautiana kwa sifa zisizopungua tatu: kama vile mwendo wa sauti, idadi ya milio, na namna mlio unavyopanda au kushuka. Basi kipimo hicho wakakifanya ndiyo kanuni ya kuwapimia wale wenye shaka.

Mwaka 2007 wataalamu hao hao wakaleta matokeo ya kuwapima Hypocnemis. Walikusanya sauti zilizonaswa kutoka pande zote za Amazon, wakahukumu kuwa yule aliyeitwa mmoja ni aina sita. Mwimbaji wa Peru na Kifua-manjano ni wawili katika hao sita. Na mwaka 2013 akaongezwa wa saba kutoka Brazil, aitwaye Hypocnemis rondoni.

WIMBO ULIOFANANA

Hapa ndipo penye ajabu tuliyoitaja mwanzo. Ndege hawa huishi dume na jike pamoja, nao hulinda mtaa wao mwaka mzima, si wakati wa kutaga mayai peke yake. Wimbo ndio silaha yao. Dume huimba mfululizo wa milio inayoshuka na kumalizika kwa ukwaruzo, na mara nyingi jike humpokea kwa wimbo wake mfupi. Maana ya wimbo huo kwa jirani ni hii: mahali hapa pana wenyewe, usivuke.

Wataalamu Joseph Tobias na Nathalie Seddon waliwachunguza wawili hawa, na mwaka 2009 wakatoa khabari ya waliyoyaona. Kwa vinasaba, Mwimbaji wa Peru na Kifua-manjano wameachana zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita. Muda huo ni mrefu, na ilitarajiwa kuwa nyimbo zao zimekwenda mbali vile vile. Wakaona kinyume chake: nyimbo za madume wao zimefanana sana, na mahali wanapoishi pamoja ndipo zilipofanana zaidi kuliko mahali kila mmoja aishipo peke yake. Lakini miito yao mingine, ile isiyohusu kulinda mtaa, imetafautiana. Na manyoya yao, kama tulivyoeleza, yametafautiana.

Kisha wakafanya majaribio. Walipeleka kipaza sauti msituni, wakakiweka ndani ya mtaa wa dume mmoja, wakampigia wimbo wa dume mgeni wa aina yake. Dume akaja kwa hasira kutafuta adui. Wakampigia wimbo wa dume wa aina ile nyingine. Akaja vile vile, na kwa ukali ule ule. Ndege wa mianzi alimpinga ndege wa nje ya mianzi kama anavyompinga ndugu yake, na yule naye akafanya hivyo hivyo.

MASWALI MATATU NA MAJAWABU YAKE

Msomaji mwenye fikira hatakosa kuuliza maswali, nasi tumeyaweka hapa yale yaliyo mbele.

Swali la kwanza: Je, haikuwa kwamba mmoja amejifunza kwa mwenziwe, kama kasuku ajifunzavyo maneno ya nyumbani? Jawabu: Ndege wa kundi hili wimbo wao ni wa kuzaliwa nao. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Panama kwa ndege mwingine wa jamii ya siafu: makinda walilelewa mbali na wakubwa wao bila ya kusikia wimbo wa aina yao, nao walipokua wakaimba wimbo ule ule wa wazee wao. Basi mfanano huu hauwezi kuelezwa kwa kuigana. Ni jambo lililojengeka vizazi kwa vizazi.

Swali la pili: Ikiwa hivyo, ni sababu gani iliyoziunganisha nyimbo zao? Maelezo ya wataalamu hao ni haya. Ndege hawa wawili hushindania wadudu wale wale na vichaka vinavyopakana. Jirani asiyefahamu onyo lako ataingia mtaani mwako, na hapo hapana ila kupigana, na kupigana kuna hasara kwa wote wawili. Lakini jirani anayefahamu onyo lako hurudi nyuma bila ya vita. Kwa hiyo dume ambaye wimbo wake unafahamika pande zote mbili za mpaka alipata nafuu, akaishi, akazaa, na wimbo wake ukarithiwa. Mfano wake twaujua vema watu wa pwani. Makabila mbalimbali, kila moja lina lugha ya mama yake nyumbani. Lakini yalipokutana sokoni na bandarini yalihitaji lugha moja ya kuuliza bei na kusuluhisha ugomvi, na Kiswahili kikafanya kazi hiyo. Ndege hawa nao wana lugha moja ya mpakani, na nyumbani kila mmoja ana yake.

Swali la tatu: Ikiwa wimbo ni mmoja, jike amjuaje mume wa aina yake? Jawabu ni kuwa nyimbo zimekaribiana, lakini hazikuwa kitu kimoja kabisa. Kumebaki tafauti ndogo. Bibi Seddon na Bwana Tobias walilitazama jambo hili pia, na mwaka 2010 wakaeleza kwamba majike waliweza kupambanua wimbo wa dume wa aina yao na wimbo wa dume wa aina nyingine. Dume asikiapo wimbo humtosha kujua kuwa mshindani amekuja, awe wa aina gani. Jike ndiye mwenye haja ya kujua zaidi, na sikio lake limekuwa makini zaidi. Juu ya hayo iko miito mingine na iko rangi ya kifua, na hizo hazidanganyi.

Kwa majawabu haya twaona kwamba wale waliotaka kuwapambanua ndege hawa kwa wimbo wa madume peke yake wangepata taabu, na waliotaka kuwaunganisha kwa ajili ya wimbo wangekosea. Imebidi kuchukua rangi, makao, miito, vinasaba, na ushahidi wa majirani wasiochanganyika, vyote vikawekwa katika mizani moja.

HASARA YA KUTOPAMBANUA

Pengine atatokea mwenye kusema: Yatufaa nini sisi kujua kama ndege wa gramu 12 ni mmoja au ni wawili? Twamjibu kwa mfano wa ndege mwingine wa jamii hii hii.

Katika jimbo la Alagoas, kaskazini mashariki ya Brazil, yupo ndege mdogo wa siafu aitwaye Myrmotherula snowi. Alipoelezwa na wataalamu mwaka 1985 alihesabiwa kuwa ni tawi tu la Myrmotherula unicolor, ndege wa kijivu anayeishi mbali upande wa kusini. Katika miaka ya 1990 wataalamu walimpima tena, na sauti yake ikiwa miongoni mwa dalili, wakaona kuwa ni aina peke yake. Hukumu hiyo ilibadilisha kila kitu. Muda alipohesabiwa tawi, mtu angeweza kusema: hata akitoweka Alagoas, wenziwe wapo kusini. Alipojulikana kuwa ni aina peke yake, ilidhihiri kuwa hana wenziwe popote duniani.

Na msitu wake umekwisha. Msitu ule wa pwani ya Brazil ulikatwa kwa ajili ya mashamba ya miwa na malisho ya ng'ombe, vikabaki vipande vidogo, na kipande kikubwa cha tegemeo lake kiko Murici. Leo ndege huyu ni katika wale walio karibu mno na kutoweka duniani. Kwamba hatari hiyo si ya maneno tu, dalili ni hii: ndege mwingine wa msitu huo huo wa Murici, aitwaye Philydor novaesi, alionekana mara ya mwisho mwaka 2011, na sasa amekwisha kuandikwa katika daftari la waliotoweka. Aligunduliwa mwaka 1979. Haikupita miaka arobaini tangu watu kumjua, naye hayupo.

Basi jina si pambo. Asiye na jina lake peke yake hahesabiwi, asiyehesabiwa haulizwi, na asiyeulizwa huondoka bila ya mtu kujua kuwa ameondoka. Mwimbaji wa Peru ana nchi tano za kuishi. Kifua-manjano ana eneo dogo na anategemea sana mianzi. Lau wangaliendelea kuitwa kwa jina moja, wingi wa mmoja ungalificha haja ya mwingine.

KAZI KWA VIJANA

Vijana wetu wasidhani kuwa kazi ya namna hii yahitaji safari ya Amazon. Kila nyumba yenye mti mbele yake ina ndege, na katika ndege hao wamo wanaofanana. Chukueni daftari na mpige mistari mitano. Katika wa kwanza andikeni umbo na rangi. Katika wa pili mahali anapopenda kukaa. Katika wa tatu chakula chake. Katika wa nne sauti yake, na sauti ile aliitoa alipokuwa akifanya nini. Katika wa tano, ni nani jirani yake na wafanyaje wanapokutana. Watazameni chozi wawili wanaokuja katika maua ya nyumbani, au kwera wanaojenga katika mnazi mmoja, kwa muda wa mwezi mmoja, asubuhi na jioni. Msiandike hukumu siku ya kwanza. Andikeni mliyoyaona, na hukumu iacheni mpaka mistari yote mitano imejaa.

Na wazazi twawaomba jambo moja. Mtoto akija na swali, "Mbona huyu ana kifua cha manjano na yule hana?", msimwambie kuwa ndege ni ndege tu. Mwambieni akatazame tena, kisha aje aeleze. Bibi na Bwana Isler walianza kwa swali kama hilo, wakasikiliza sauti kwa miaka mingi, na kwa subira yao ndege mmoja wa vitabuni akadhihirika kuwa ni sita.

Inshallah mwezi ujao tutaendelea na ukurasa huu kwa khabari ya viumbe wengine. Yule kijana atakayekuwa amejaza daftari lake kabla ya wakati huo atausoma kwa macho mengine.